Gharama Zisizoandikwa kwenye Bili ya Hospitali

Mama yetu alianguka alfajiri moja ya mwezi wa Rajabu, Januari mwaka 2025, akienda kutawadha. Sakafu ya msalani ilikuwa na maji, na ndala alizovaa zilikuwa zimelika soli zikawa laini kama karatasi. Nyonga ya kushoto ilivunjika. Alipelekwa kwanza hospitali ya karibu hapa Likoni, akapigwa picha, kisha akavushwa feri ndani ya ambulensi hadi hospitali kubwa kisiwani. Huko alilazwa siku arubaini na moja. Ijumaa ya mwisho ya Februari, Shaabani ikiwa ukingoni, tulimrudisha nyumbani, na usiku ule ule sisi watoto wake wanne tuliketi ukumbini tukafungua daftari la shule ambalo dada yetu mkubwa alikuwa akiliandika tangu siku ya tatu.

Hesabu ilikuwa hivi. Usafiri wetu wa kwenda na kurudi, shilingi 19,700. Chakula na maji ya mgonjwa na ya aliyekuwa zamu, 16,350. Dawa na vipimo vilivyolazimu kutafutwa nje, 14,600. Nepi, glavu, sabuni, mafuta na mashuka, 11,200. Simu, 2,150. Mambo madogo madogo yasiyo na jina, 3,400. Jumla shilingi 67,400, yaani zaidi kidogo ya 1,640 kwa kila siku aliyolala pale. Hakuna hata shilingi moja kati ya hizo iliyoandikwa kwenye bili ya hospitali. Bili ilikuwa karatasi nyingine, na habari yake tutaifikia.

Twaandika haya si kwa kuwa yaliyotufika ni ya ajabu. Ni machache mno mitaa ya ng'ambo zote tatu za mji wetu, kuanzia Mtongwe na Shika Adabu, hadi Mshomoroni na Mtopanga, hadi Chaani na Mikindani, ambayo haina nyumba yenye mtu aliyelala hospitali mwezi mzima au zaidi. Lakini tulipoulizana baada ya haya, tuligundua kwamba kila nyumba ilijifunza peke yake, kwa hasara yake, mambo yale yale ambayo jirani alikwisha kuyajua. Sisi si matajiri wala si hohehahe: mmoja wetu ni mwalimu wa madrasa, mmoja auza mahamri na mbaazi kibarazani, mmoja ni kibarua wa maghala ya Changamwe, na mmoja ameolewa Kisauni na ana watoto wadogo. Hospitali tuliyolala hatuitaji, kwa sababu makosa mengi tutakayoyaeleza ni yetu wenyewe.

Tuanze na bima, maana wengi hudhani hapo ndipo mambo yanapomalizikia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA, imechukua nafasi ya ile NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa, na ndio wengi wetu, hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, akapangiwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kukilipa cha mwaka mzima kwa pamoja. Hapa ndipo tulipojikwaa. Mama alikuwa amesajiliwa. Ujumbe wa simu anao, namba anayo. Kumbe kusajiliwa si kulipiwa. Mchango wake wa mwaka tuliulipa akiwa tayari kitandani na mguu umefungwa, kwa fedha za kuazima, jambo ambalo lingeweza kufanywa kwa utulivu miezi mitatu nyuma. Msomaji aliye na mzazi nyumbani na apige *147# leo kabla hajaendelea kusoma, aangalie hali ya malipo na si usajili pekee.

Na hata bima ikiwa hai, kazi yake ina mpaka. Inalipia kitanda na matibabu yaliyomo ndani ya viwango vyake. Hailipii nauli ya binti anayekwenda kumlisha mamake, wala nepi, wala chupa ya maji, wala siku ambazo muuza mahamri hakuwasha jiko.

Usafiri ndio uliotushangaza, kwa kuwa ulizidi hata dawa. Sisi wa Likoni twajisifu kwamba feri ni bure kwa aendaye kwa miguu, na kweli ni bure. Lakini kuna matatu ya kukufikisha feri, na matatu ya kukutoa feri, na njaa inayokushika katika foleni ya jioni ukanunua viazi karai usivyokusudia. Ndugu zetu wa Kisauni wana daraja la Nyali tangu mwaka 1980, nao hutumia saa nzima wakilitazama wakiwa ndani ya gari lisilosogea. Wa Changamwe wana Makupa na malori yake. Kila ng'ambo ina kodi yake, na kodi hiyo hulipwa mara mbili kwa siku.

Wiki ya kwanza tulikwenda sote, kila siku, asubuhi na jioni, pamoja na shangazi wawili na yeyote aliyekutwa amevaa buibui lake mlangoni. Ilionekana kama kutokwenda ni kutompenda. Tukirudi usiku tulichukua tuk-tuk kwa sababu ya uchovu. Zaidi ya theluthi ya fedha yote ya usafiri iliteketea katika siku saba hizo, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa amechomwa sindano za maumivu, amelala, na hakumjua aliyekuja wala asiyekuja.

Mabadiliko yaliletwa na halati yetu wa Majengo. Siku ya nane alitukuta watano tumeketi kwenye ukuta nje ya wodi tukisubiri saa ya kuona wagonjwa, akasema kwa ukali wake wa kawaida: "Nyinyi mwamuuguza mama yenu ama mwauguza ukuta?" Tangu siku ile tulipanga zamu. Mtu mmoja mchana, mmoja jioni, basi. Ndugu yetu wa Changamwe alipewa Jumapili, siku asiyokuwa na kibarua. Dada wa Kisauni alipewa jioni tatu za wiki, watoto wakiwa kwa bibi yao mzaa baba. Na chakula kikaacha kupikwa Likoni. Kilipikwa Majengo, kwa halati, ambako ni mwendo wa miguu kwa kijana mwenye afya, nasi tukawa tunapeleka unga, kuku na mboga mara moja kwa wiki. Aliye na ndugu kisiwani na asione haya kumwomba jiko. Uji uliosafiri kutoka Likoni ulikuwa ukifika umepoa, na mara moja ulifika umemwagika wote ndani ya kikapu, juu ya nguo safi.

Kuhusu wageni twasema kwa adabu, na wazee wetu watatuwia radhi. Kumzuru mgonjwa ni jambo jema, lina thawabu, na Mama mwenyewe alifurahi kila alipoona uso anaoujua. Lakini ziara ilikuwa fupi katika mafunzo tuliyofunzwa, nayo haikuwa msafara. Siku moja walikuja watu kumi na mmoja kwa matatu ya kukodi kutoka upande wetu. Waliruhusiwa wawili wawili. Wengine tisa walikaa nje, nasi kwa heshima tukawanunulia maji na soda. Laiti nauli ile ya gari ingeingia kwenye bahasha, ingenunua nepi za wiki mbili. Hatukusema siku hiyo, wala hatukuwa na uso wa kusema. Twasema sasa.

Jambo la pili ndilo lililotuuma zaidi, nalo ni chakula. Mama ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Upasuaji wake ulipangwa Jumanne ya wiki ya tatu. Foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu, chuma cha kushikilia mfupa kilikuwa kimepatikana, damu imetafutwa, mgonjwa amezuiliwa kula tangu usiku. Asubuhi akapimwa sukari, kipimo kikasoma 19. Daktari hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kwa sukari hiyo kidonda hakitapona na kinaweza kuoza, akafuta jina lake kwenye orodha, na foleni ikaanza upya. Tulingoja siku kumi na mbili nyingine.

Tulianza kwa kulaumu insulini, kisha tukawalaumu wauguzi. Halafu dada yetu akafungua kabati dogo la kando ya kitanda. Humo mlikuwa na kipande cha halwa kilichofungwa kwa karatasi, pakiti mbili za biskuti, chupa ya sharubati ya ukwaju iliyobaki robo, na visheti. Kila mgeni alileta kitu kitamu, kwa mapenzi, maana katika mila yetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Na sisi tulioketi naye kila siku tulikuwa tunamfungulia. Mmoja wetu alikiri kwamba Jumapili ile jioni alimpa halwa kwa mkono wake, kwa kuwa Mama alikuwa amekataa wali wa hospitali siku nzima na alionekana mnyonge. Siku kumi na mbili za ziada, kwa shilingi 1,640 kila moja, zinakaribia shilingi 20,000. Hiyo ndiyo bei ya utamu ule, ukiacha maumivu ya mwenyewe, ambayo hatuna hesabu yake.

Baadaye tulimwona mtaalamu wa lishe, ambaye yuko hospitalini na huduma yake haikututoza chochote, na ambaye tungeweza kumwona siku ya kwanza. Alituandikia karatasi nusu ukurasa: uji wa wimbi bila sukari, samaki wa kuchemsha au kupaka usio na nazi nyingi, kuku na supu yake, mchicha, mbaazi kiasi, chungwa moja badala ya glasi ya maji ya machungwa, na vyakula vyote kwa saa zilizopangwa pamoja na sindano. Mgonjwa wa mfupa, alisema, anahitaji nyama, mayai, samaki na maharagwe kuliko anavyohitaji vitamu. Karatasi hiyo tuliinakili tukaituma kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp, na chini yake tukaandika: atakaye kuleta kitu, alete mayai ya kuchemsha. Shangazi mmoja alinuna kwa siku mbili, kisha akaleta mayai dazeni.

Sasa starehe, neno ambalo katika wodi lina maana ndogo na nzito. Mguu wa Mama ulivutwa kwa kamba iliyotundikwa uzito mwisho wa kitanda, ili mfupa usipandane. Maana yake hakuweza kugeuka, na asiyegeuka ngozi yake huanza kufa pale inapobanwa kati ya mfupa na godoro: makalioni, visiginoni, mgongoni chini. Vidonda hivyo huweza kuua mzee ambaye mvunjiko wenyewe haukumuua. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwanamke mtu mzima aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake, alitufundisha: kila baada ya saa mbili, mwinueni kidogo kwa shuka lililokunjwa chini ya mwili, pande zote mbili, msimburute. Wekeni mto mwembamba chini ya ndama ya mguu ili kisigino kining'inie hewani. Shuka likilowa, libadilisheni pale pale. Na mkiona pekundu pasipofifia mkipabonyeza, niiteni. Tulipaona mara moja, siku ya kumi na nne, tukamwita. Halikuendelea.

Aidha, mpeni maji. Wagonjwa wengi wa kike hujinyima maji kwa kuona haya ya kuomba chombo cha haja. Mama alifanya hivyo mpaka mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Tiba yake haikuwa dawa, bali leso mbili. Tulizifunga kwenye kamba pande mbili za kitanda pawe pazia, muuguzi akaruhusu maadamu hazizuii kazi, na tangu hapo Mama akawa anaita bila kusita. Leso ni kifaa cha kwanza cha hospitali, kama unafunga mkoba leo: hufunika, husitiri, hufuta, hukunjwa ikawa mto. Beba nne, za zamani, zilizolainika.

Joto la Kaskazi lilikuwa la kutosha kumchosha hata mzima. Feni ya dari ilizunguka upande wa pili wa wodi. Tulifikiria kununua feni ndogo ya kuchaji, tukaulizia bei, tukarudi nyumbani tukachukua kipepeo cha ukindu. Na hapa turuhusuni tutoke nje ya njia kidogo. Mwalimu wa madrasa aliye miongoni mwetu ametusimulia habari ya hospitali ambayo Sultani Qalawun aliijenga Kairo mwaka 1284. Hati yake ya wakfu, pamoja na kutaja madaktari na dawa, iliagiza kwamba fedha za wakfu zinunue vipepeo vya makuti ya mtende wajipepee wagonjwa wakati wa joto, na kwamba chakula cha kila mgonjwa kiletwe kimefunikwa. Kawa na kipepeo, kwa lugha yetu. Huko Marrakesh nako, katika hospitali iliyojengwa na Sultani Yaqub al-Mansur miaka mia moja hivi kabla ya hapo, maskini aliyepona alipewa fedha za kujikimu alipotoka, mpaka aweze kujitegemea tena. Watu hao waliona kwamba ugonjwa una gharama zake pembeni ya matibabu, wakazitengea fungu. Sisi tuna misikiti yenye wakfu wa nyumba na wa minazi; fungu la nauli ya wauguzaji hatujalisikia bado.

Harufu nayo ni sehemu ya starehe. Shangazi alikuja na chetezo, akitaka kufukiza udi. Alizuiliwa mlangoni, na ilikuwa haki: mle ndani mna mitungi ya hewa na watu wenye pumu. Badala yake tulitia asmini kwenye kisahani kidogo karibu na mto, na jirani wa kitanda cha pili, mama wa Kimijikenda kutoka Kwale, akaomba naye atiliwe. Wakawa mashoga hadi mwisho. Usiidharau jambo hilo. Kitanda cha jirani ndicho kitakachokuangalizia mgonjwa wako utakapokwenda kuswali, nasi tuliwahi kula chakula chake na yeye akala chetu.

Kuhusu ibada, Mama alitaabika wiki nzima kwa jambo moja: kibla. Kwetu sisi wa Mombasa kibla ni kaskazini, na kitanda chake kilielekea mashariki. Kwa vile mguu ulikuwa umefungwa uzito, hakikuweza kuzungushwa. Alikuwa akilia kimyakimya wakati wa swala, nasi tukidhani ni maumivu ya mguu. Imamu wa mtaani, alipokuja, alimweleza kwa dakika tano yale ambayo twajua sote lakini huyasahau mtu akiwa kitandani: asiyeweza kuelekea ataswali alivyo, kwa ishara, na asiyeweza maji atatayamamu. Alimletea jiwe safi ndani ya kifuko. Tangu siku hiyo alilala vizuri zaidi kuliko alivyolazwa na vidonge. Ikiwa mgonjwa wenu anakosa raha na hamjui sababu, muulizeni swali hilo mapema.

Tufike kwenye fedha zenyewe, na aibu iliyozizunguka. Tulifungua mchango wa ukoo kwa M-Pesa siku ya nne. Fedha ziliingia kwa wingi wiki ya kwanza, zikapungua ya pili, na baada ya ya tatu zikakauka, kama ilivyo desturi. Watu huchangia habari mpya, na mtu aliyelala mwezi si habari mpya tena. Kosa letu lilikuwa kuzitumia zilipokuja zote, kana kwamba wiki zote zitafanana na ya kwanza. Wangetushauri waliotangulia, tungegawa mchango ule mafungu sita na kufungua fungu moja kila Ijumaa.

Kipindi zilipokauka, ndugu yetu mdogo, yule wa kibarua, alianza kukopa kwa simu. Hakutuambia. Alikuwa akija na nepi na dawa, akisema amelipwa, nasi tukamwombea dua. Alikopa kwa mkopeshaji mmoja, akakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza, kisha wa tatu. Tulijua siku ambayo simu ilipigwa kwa halati wa Majengo na mtu asiyemjua, akimwambia kwamba mpwa wake ni mdaiwa sugu. Mikopo hiyo ilikuwa ya shilingi 9,000. Lililodaiwa siku hiyo lilizidi 13,000. Alilia kama mtoto, akasema, "Sikutaka kuwa mimi ndiye niliyekuja mikono mitupu." Tuliiuza bangili moja ya Mama kumlipia, na Mama ndiye aliyetoa idhini, akiwa kitandani, bila kumlaumu. Baada ya hapo daftari lilisomwa kila Ijumaa jioni mbele ya sote wanne, kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Haikupendeza. Lakini hakuna aliyekopa tena kwa siri.

Kuna milango ambayo tungeigonga kabla ya simu. Wa kwanza ni kamati ya zaka ya msikiti: wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka, na mgonjwa asiye na kitu hahitaji kungojea Ramadhani. Wa pili ni afisa wa ustawi wa jamii aliye ndani ya hospitali ya umma. Yeye ndiye anayechunguza hali ya familia na kupendekeza msamaha wa bili, wote au sehemu. Wengi humwendea siku ya kutoka, wamechanganyikiwa, bila kitambulisho wala barua ya mzee wa mtaa. Mwendeeni wiki ya kwanza. Na ombeni bili ya muda kila wiki, kwa maandishi. Katika bili yetu ya wiki ya pili tulikuta kipimo kimehesabiwa mara mbili, tukakionyesha, kikafutwa siku hiyo hiyo bila maneno.

Lijulikane pia kwamba Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumfungia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Deni halifutiki kwa hukumu hiyo, nalo ni amana ya kulipwa. Lakini mtu si rehani.

Dawa za nje zilitupotezea fedha kwa uvivu wetu. Tukipewa karatasi, tulikimbilia duka lililo mkabala na lango. Muulize kwanza muuguzi kama kesho itapatikana ndani. Nunua ya siku tatu, si ya mwezi, kwa kuwa daktari hubadilisha. Tuna nyumbani chupa mbili ambazo hazikufunguliwa. Na omba risiti. Ama damu, haiuzwi. Anayekujia koridoni akidai atakupatia chupa kwa bei, huyo ni mwizi. Vijana saba wa darasa la jioni la madrasa walijitolea kwa ajili ya Mama, kila mmoja mililita 450 hivi, nao wakarudi na soda na fahari. Mwanamume mwenye afya na uzito wa kilo 50 huweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne, basi ukoo mkubwa hauna sababu ya kuhangaika usiku wa upasuaji.

Upasuaji ulifanyika, alhamdulillahi, sukari ikiwa imeshuka. Siku ya pili walimsimamisha, akapiga kelele, akasimama. Kutoka kulikuwa na gharama zake: msalani tulitia mkeka wa mpira usioteleza na fimbo ya chuma ukutani, kazi ya fundi wa mtaani, na ndala zile tulizitupa mbele yake. Kitembezi cha chuma cha miguu minne tulikinunua kwa mtu aliyekwisha kukitumia, kwa nusu ya bei ya dukani. Mama alikitembelea hadi baada ya Iddi ya pili, sasa anatumia bakora.

Kitembezi hicho kimekwenda Shika Adabu, kwa mzee aliyevunjika mguu mwezi uliopita, nacho hakiuzwi tena. Akimaliza atakirudisha kwa imamu wetu, pamoja na chombo cha haja kilichosafishwa, leso sita na kipepeo. Atakayevihitaji baada yake, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, na aulize huko msikitini baada ya swala ya alasiri.